Mtunzaji mwenye funguo zote amevunja kanuni za maadili: nani atamwambia?

mvuvi_wa_msimbo (Kisumu) aliuliza:

Wenzangu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mmoja wa watunzaji watatu (ndio wenye idhini ya kupokea au kukataa msimbo wa wengine) wa mradi mdogo wa programu huria unaotumiwa na BMU, yaani vikundi vya kusimamia fuo, kadhaa za huku ziwani kuweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa ufuoni kila asubuhi: mbuta kilo ngapi, ngege kilo ngapi, nani kauza na nani kanunua. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa vyuo na vijana waliomaliza masomo, wa hapa Kisumu, Maseno na Kakamega, na wawili wako Nakuru. Hakuna anayelipwa.

Wiki mbili zilizopita mchangiaji mpya, msichana wa mwaka wa pili chuoni, alileta ombi la kuunganisha msimbo wake. Alikuwa amegundua kwamba programu yetu inamlazimisha karani aandike omena kwa kilo, ilhali akina mama wanaoinunua ufuoni huipima kwa debe na karai, na wakishaikausha huiuza kwa gorogoro, hivyo karani hubaki kukisia tu. Akaongeza sehemu ya kuchagua kipimo. Mtunzaji mwenzetu, ambaye ndiye aliyeuanzisha mradi na ambaye zaidi ya nusu ya msimbo uliopo ni kazi yake, alilifunga ombi hilo bila kuonyesha kasoro hata moja, akaandika chini yake: "Ungebaki kuuza omena, kuandika programu si kazi ya kila mtu." Jioni hiyo hiyo akapiga picha ya skrini na kuituma katika kikundi chetu cha WhatsApp chenye watu 64, zikafuata alama za vicheko. Msichana alijitoa kikundini kabla ya saa nne usiku. Kesho yake aliniandikia faraghani kwamba hataki ugomvi na mtu, ila angependa kujua kama maneno yale yanaruhusiwa kwetu.

Nilifungua faili yetu ya kanuni za maadili ili nimjibu, na hapo ndipo nilipoona aibu. Tuliinakili kutoka Contributor Covenant, kiolezo cha kanuni za maadili cha miradi ya programu huria, mwaka 2021, kama wafanyavyo wengi, na mahali pa kuandika anwani ya kupokelea malalamiko pamebaki na maneno ya kiolezo ndani ya mabano yake, yanayomwagiza mwenye mradi aweke anwani hapo. Hakuna aliyepagusa tangu siku hiyo.

Nifanye nini? Mtunzaji wa tatu alisoma darasa moja na mlalamikiwa, na mimi mwenyewe ni yeye aliyenifundisha kazi hii. Nywila za seva, jina la kikoa (anwani ya mradi kwenye intaneti) na umiliki wa akaunti ya mradi kule GitHub, tovuti tunakohifadhi msimbo, vyote viko kwa mlalamikiwa. Isitoshe, anadai kwamba kikundi cha WhatsApp ni cha maongezi tu, na kwamba kanuni za mradi haziingii humo.

mkongwe_wa_bonde (Nakuru) alijibu:

Ndugu mvuvi, usingoje kuandika kanuni mpya kabla ya kulishughulikia hili. Faili mliyo nayo, pamoja na mabano yake, inatosha kumwonyesha mtu kwamba dhihaka na matusi hayakubaliki, kwa sababu kinachokosekana ni anwani tu, na kanuni zenyewe zipo. Tena tazama katika historia ya hazina ya msimbo ni nani aliyeiingiza faili hiyo. Nisingeshangaa kama ni mlalamikiwa mwenyewe.

Angalia pia ni toleo gani mlilonakili. Contributor Covenant iliandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, na kwa miaka kadhaa ilisema tu kwamba watunzaji watachukua hatua zinazofaa, bila kuzipanga hatua hizo kwa ngazi. Toleo la 2.0 ndilo lililoweka ngazi nne: marekebisho, onyo, kufungiwa kwa muda, na kufungiwa daima. Ngazi ya kwanza ni barua ya faragha inayomweleza mtu kosa lake na kwa nini ni kosa, na anaweza kutakiwa kuomba radhi hadharani. Ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu mtu hukatazwa kwa muda uliotajwa kuwasiliana na aliowakosea na hata na wanaosimamia kanuni, na katazo hilo linafika mpaka mitandao iliyo nje ya mradi. Kwa hiyo lile dai la WhatsApp kuwa ni maongezi tu lina jibu lake tayari. Mimi ningeuliza swali rahisi zaidi: kikundi kile kina jina la mradi, na kiungo chake kimewekwa kwenye ukurasa wa kuwakaribisha wachangiaji? Kama ndivyo, basi ni ukumbi wa mradi, hata kama watu humo hutumiana pia matokeo ya mpira.

Kwa maoni yangu maneno yale peke yake yangestahili ngazi ya kwanza. Mtu huchoka, akaandika neno baya usiku, asubuhi akajuta. Lakini kuyapiga picha na kuyapeleka mbele ya watu 64 ni tendo la pili, lililofanywa baada ya kupata nafasi ya kufikiri, nalo ndilo linalolipeleka shauri hili ngazi ya pili.

Sasa niseme lililotupata sisi, ili msirudie kosa letu. Katika kikundi kimoja cha hapa Nakuru, ambacho sitakitaja, tulimfungia mtu usiku wa Ijumaa kwa kura ya haraka, tukitegemea picha ya skrini iliyoletwa na mlalamikaji. Hakuna aliyemuuliza mlalamikiwa chochote. Jumatatu ndipo mmoja wetu alipofungua mazungumzo yenyewe akakuta kwamba picha ilikuwa imekatwa juu, na sentensi iliyokatwa ilikuwa ya mlalamikaji akimtukana mwenzake matusi ya nguoni. Tulimfungulia na kumwomba radhi, lakini hakurudi, na wachangiaji wengine wanne walimfuata. Tangu siku hiyo sipokei picha peke yake. Nataka kiungo cha maoni yenyewe, tarehe yake, na yaliyoandikwa kabla na baada yake. Katika GitHub, maoni yaliyohaririwa huacha historia ya mabadiliko, basi ifungue na uisome kabla hujasema lolote.

Na wale watakaokuambia kwamba mradi utakufa akiguswa, wakumbushe ya Linux, kiini huria cha mfumo wa kompyuta. Septemba 2018 mwanzilishi wake, Linus Torvalds mwenyewe, aliomba radhi kwa ukali wa miaka mingi katika barua zake, akajiweka pembeni, na mtunzaji mwenzake Greg Kroah-Hartman akalishughulikia toleo la 4.19 wakati yeye hayupo. Oktoba akarejea. Kiini kile kinaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na hakikusimama, sembuse daftari la samaki.

mwalimu_mstaafu (Kakamega) alijibu:

Vijana wangu, nimesoma kwa makini, na ninakubali kwamba binti amekosewa. Hata hivyo ninaona mnakimbilia ngazi na barua kama ofisi ya serikali, ilhali ninyi ni kikundi cha watu 64 wanaojuana kwa majina. Kwetu, mtu mzima akikosea huitwa mahali penye kivuli, huketishwa na watu anaowaheshimu, akaelezwa, akaomba radhi, na mambo yakaisha palepale. Barua ya onyo hukaa katika sanduku la barua pepe miaka na miaka, na kila akiiona hasira yake huamka upya. Mwiteni huyo kijana, mwiteni na binti, wakae pamoja mbele ya mtu mmoja mwenye umri, wanywe chai, wapeane mikono. Katiba yetu yenyewe, katika Ibara ya 159, inahimiza usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Msije mkampoteza fundi wenu kwa neno moja la hasira.

wakili_pembeni (Kisumu) alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimefurahi kwamba umeitaja Ibara ya 159, kwa sababu kifungu kinachofuata, cha (3), ndicho ninachotaka kukisimamia: kinasema kwamba njia za jadi zisitumike kwa namna inayovunja Sheria ya Haki au inayokinzana na haki na maadili. Kivuli cha mti ni kizuri pale wanaogombana wanapolingana. Hapa upande mmoja yupo mwenye mradi, mwenye seva, mwenye marafiki wawili kati ya watunzaji watatu, na upande wa pili yupo mwanafunzi aliyeleta ombi lake la kwanza. Ukiwaketisha pamoja na kuwawekea chai, atakayeombwa alegeze ni yule asiye na kitu cha kulegeza. Atasema nimesamehe, kwa sababu hakuna jibu jingine analoweza kulitoa mbele ya mzee, kisha ataondoka na hamtamwona tena.

Hilo halina maana kwamba mlalamikiwa hana haki. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa haraka, kwa uhalali, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na anayeathiriwa vibaya ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Tusibishane kama ibara hiyo inakibana kikundi cha hiari jinsi inavyoibana ofisi ya umma. Itumieni kama mizani yenu: mwambieni analalamikiwa kwa maneno yapi, mpeni siku kadhaa za kujibu, na mkishaamua mpeni uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Ile barua ambayo mwalimu anaiogopa ndiyo inayomlinda hata yeye, kwa kuwa inasema kosa ni hili na adhabu inaisha tarehe hii. Aibu isiyoandikwa popote haina mwisho.

Kuhusu nani aamue, ninyi watatu wote mjitoe. Rafiki wa darasa hafai, na wewe uliyefundishwa naye hufai pia, si kwa ubaya, ila kwa sababu uamuzi wowote utakaoutoa utasemwa kuwa ni wa shukrani au wa kulipiza. Tafuteni watu watatu, wawili kati yao wasiwe na haki yoyote katika hazina, na angalau mmoja awe mwanamke. Mnaweza kumwomba mtu kutoka jamii nyingine ya programu huria ya hapa magharibi mwa Kenya, nanyi mtawafanyia vivyo hivyo siku yao ikifika. Kilichotokea katika mradi wa Rust, lugha ya kuandikia programu, kiwe somo: Novemba 2021 timu nzima ya wasimamizi wa maadili ilijiuzulu kwa siku moja, ikisema kwamba timu kuu ya mradi haikuwajibika kwa mtu yeyote ila kwa nafsi yake. Wale hawakukosa kanuni wala anwani. Walichokosa ni njia ya kuzifikisha kanuni kwa walio juu, na ilichukua hadi mwaka 2023 kwa baraza jipya la uongozi kuchukua nafasi ya timu ile. Nanyi mna tatizo lilelile, ila ninyi ni 64.

Neno dogo la tahadhari: ushahidi mtakaoukusanya una majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiachi taarifa za namna hiyo zizagae. Ziwekeni mahali pamoja panapofunguliwa na hao watatu pekee. Msimtumie mtu yeyote "aone tu".

binti_wa_magharibi (Bungoma) alijibu:

Mimi niliwahi kuwa mlalamikaji, katika mradi mwingine na miaka mingine, kwa hiyo nitasema kwa ufupi mambo ambayo naona yamerukwa.

Ombi lake bado limefungwa. Mmeandika aya ndefu kuhusu ngazi na kamati, na hakuna aliyesema kwamba mtu mwingine alifungue tena, aukague msimbo ule mstari kwa mstari, na kusema kama unafaa au haufai. Dada huyu alikuja kwenu na kazi. Nilipokuwa katika hali kama yake, radhi niliyoombwa ilikuwa na maneno mazuri sana, lakini msimbo wangu haukusomwa na mtu mpaka leo. Niliielewa radhi hiyo vizuri kabisa.

Nimeisoma hoja yake ya debe na karai, na nasema hivi: yuko sahihi. Mama yangu mdogo huleta omena kutoka ziwani, na sijapata kumwona na mizani ya kilo tangu nizaliwe. Aliyesema "ungebaki kuuza omena" alimtukana mtu pekee katika mradi huo aliyekuwa ameangalia omena inavyouzwa.

Tena msimwite kwenye kikao. Muulizeni kwa maandishi anataka nini, mwambieni lini atapata jibu, na mkishaamua mwambieni mliloamua. Mimi nilingoja miezi mitano, nikaja kusikia uamuzi kutoka kwa mtu wa tatu kwenye matatu. Na msijifiche nyuma ya usiri wa mlalamikiwa, kwa kuwa mnaweza kumweleza hatua iliyochukuliwa bila kumpa barua yenyewe.

mwalimu_mstaafu (Kakamega) alijibu:

Wakili, marahaba. Binti yangu wa Bungoma, nimekusikia. Hilo la kumwita kikaoni nalifuta. Lakini kijana mwenyewe aitwe na mtu anayemheshimu, faraghani, kabla barua haijamfikia, ili asije akaisoma peke yake usiku na kuijibu usiku huo huo. Hapo sirudi nyuma.

mvuvi_wa_msimbo (Kisumu) aliandika tena:

Asanteni nyote, na mwalimu shikamoo. Nimechelewa kuwajibu kwa sababu nilitaka nirudi na la kusema.

Mkongwe, nilitazama historia ya hazina. Faili ya kanuni iliingizwa mwezi Machi 2021 na yeye mwenyewe, na ujumbe alioambatanisha nao unasema kwamba tunataka kila mtu ajisikie yuko nyumbani. Nilimwonyesha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani mwingine aliyeuona.

Tumepata watu watatu: mmoja wetu asiye mtunzaji, dada mmoja kutoka jamii nyingine ya hapa Kisumu, na mhadhiri ambaye hakuwahi kuandika mstari wa msimbo wetu. Nimewakabidhi viungo na si picha, na mabano yale nimeyafuta na kuweka anwani inayofikia watatu hao bila kupitia kwetu. Mlalamikiwa amepewa siku 7 za kujibu. Kabla ya hapo mhadhiri alikwenda kuonana naye, kama alivyosema mwalimu, na nadhani ziara hiyo ilisaidia kuliko yote niliyoyaandika mimi. Katika jibu lake hakukana, ila alisema alidhani ule ni utani wa kawaida wa watu wa programu. Watatu hao wameamua ngazi ya pili: siku 60 asikague maombi ya wachangiaji wapya wala asimwandikie msichana yule kwa njia yoyote, na aandike radhi palepale chini ya ombi na kwenye kikundi kile, kwa maana alipotukania ndipo anapotakiwa kuombea radhi. Ameandika ile ya GitHub. Ya WhatsApp bado.

Ombi lilifunguliwa tena na likakaguliwa na mchangiaji wa Nakuru, ambaye alikuta kasoro moja ya kweli: debe halina uzito mmoja kila ufuo, kwa hiyo lazima kila BMU iweke kipimo chake. Msichana alirekebisha baada ya siku mbili. Kikundini hajarudi, na sikumwomba arudi.

Swali langu la mwisho ni la funguo. Jina la kikoa linaisha muda wake mwezi ujao, na risiti iko kwa jina lake. Nikimwomba ahamishe sasa, ataona ni adhabu nyingine ambayo haimo kwenye barua.

mkongwe_wa_bonde (Nakuru) alijibu:

Basi usimwombe yeye peke yake. Toeni pendekezo la mradi kwamba kila ufunguo, wako na wa yule wa tatu pia, uwe mikononi mwa watu wawili, na uanze na wako leo hii hadharani, ndipo umfikie. Na ada ya kikoa changeni ilipwe wiki hii, kwa jina lolote lililoko kwenye risiti, maana kikilala hata siku moja makarani wa ufuoni watarudi kwenye daftari la karatasi, na hao hawana habari na ugomvi wenu.